Uzi: Nina MS, naishi Dodoma. Mazoezi tiba yamenirudishia miguu, ila kwanza tulipoteza miezi saba kwa kulala na kukandwa maji ya moto

#1 Mtoa mada

Habari zenu wana jukwaa. Mimi humu huwa ni msomaji tu, leo nimeamua kufungua uzi kwa sababu wiki iliyopita nimekaa benchi moja na dada mmoja tukisubiri dawa hapa mjini, tukapiga stori, kumbe ana ugonjwa kama wangu, nikamuuliza unafanya mazoezi gani akanijibu "mimi nimeambiwa nisifanye kazi yoyote, nalala tu nyumbani". Ana miaka 29. Sikulala vizuri usiku ule. Mimi nililala miezi saba, na ile miezi saba naweza kusema ilinila kuliko ugonjwa wenyewe, ndo maana naandika.

Ugonjwa wetu unaitwa maltipo sklerosisi, wengi tunasema MS tu. Kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu inakosea, inashambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo, hilo ganda linaitwa mayelini. Likichunika, taarifa inayotoka kichwani kwenda mguuni au machoni au kwenye kibofu inafika imechelewa au haifiki kabisa. Hauambukizi, na wala hakuna mtu aliyekutupia. Huku kwetu ni nadra, nchi zilizo mbali na ikweta ndo wako wengi, dunia nzima wanahesabiwa zaidi ya watu milioni 2.8, wanawake ni mara mbili mpaka tatu ya wanaume na kwa wengi unaanza kati ya miaka 20 na 40, yaani umri ule ule una watoto wadogo na mkopo wa kiwanja.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nakaa Nkuhungu. Ulianza mwezi wa kumi, wale wa Dodoma mnajua mwezi wa kumi jua linavyokuwa kabla mvua hazijaanza. Jicho la kushoto likawa na ukungu na likiuma nikiligeuza, baada ya kama wiki mbili tatu likatulia nikasahau. Miezi ikapita, siku moja naamka mguu wa kulia una ganzi kuanzia vidole mpaka kiunoni, na nikiinamisha shingo napata kama shoti ya umeme inashuka mgongoni. Sehemu ya kwanza nilikoenda, sitaitaja, nikapigwa sindano za maumivu nikaambiwa ni mgongo. Nikarudi nikaambiwa ni mawazo. Nyumbani nako wengine wameshaanza kunong'ona kwamba nimechezewa kazini.

Mama yangu akaja kutoka Mpwapwa kuniuguza. Mama wa Kigogo akiamua kukuuguza anakuuguza kweli. Hakuniruhusu nishike hata kikombe. Kila jioni anachemsha maji, beseni, chumvi, taulo, ananikanda kuanzia nyonga mpaka unyayo maji ya moto kabisa, alafu anahamia mgongoni. Ananikanda huku anaomba. Akimaliza nikijaribu kusimama miguu imekuwa kama mlenda, haishiki, na jicho lile la kushoto ukungu unarudi. Asubuhi nakuwa na nafuu. Sisi tukasema hapo ndo ugonjwa unatoka, tukaongeza maji yawe ya moto zaidi. Nalisema hili kwa heshima yote ya mama yangu, alifanya alichofundishwa na kwa mtu aliyeteguka au mzazi aliyejifungua kinafanya kazi. Kwangu kilikuwa kinazima taa.

Mwisho nikapata daktari wa mishipa ya fahamu, nikapigwa MRI, ile picha ya ubongo na uti wa mgongo, nikatolewa na maji ya uti wa mgongo, akanipa jina la ugonjwa. Nikawekewa dripu za steroidi siku kadhaa kupunguza lile shambulio. Na kabla sijaondoka akaandika neno moja kwenye karatasi: fiziotherapia, yaani mazoezi tiba. Nikajiuliza inanihusu nini, mimi nilijua ile ni ya watu wa kiharusi na waliovunjika mguu kwenye bodaboda.

Nafika kwa yule kaka wa mazoezi, dakika za mwanzo hajanigusa kabisa. Kaniangalia navyoingia, navyokaa, navyogeuka. Alafu akasema "mwalimu, naomba ndala zako". Nikavua nikampa. Akazigeuza soli juu akaziweka mezani mbele yangu. Ya kushoto iko sawa kabisa. Ya kulia imelika pale mbele chini ya kidole gumba mpaka karibu inatoboka, kisigino chake kizima kama kipya. Akaniambia mguu wako wa kulia unachora chini, ule msuli wa kunyanyua mbele ya wayo haupati taarifa kwa wakati, ndo maana unajikwaa hata kwenye sakafu tupu. Nilikuwa nimevaa zile ndala miezi na sijawahi kuziangalia chini.

Alafu akanilaza, akasukuma wayo wangu uje juu, haukuja. Kigimbi kimekaza kamba. Akapima mapaja kwa tepu, la kulia limekonda. Akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyosema: "Kulegea huku siyo MS yote. Kuna sehemu ni MS na kuna sehemu ni kitanda. Ya MS mimi siwezi kuifuta. Ya kitanda tunairudisha."

Nitaendelea, watoto wanataka kula.

#2

Pole sana dada. Mimi baba yangu mdogo alikuwa na kitu kama hiki akiwa masomoni Ulaya zamani, na madaktari wa huko huko walimwambia asijichoshe kabisa, mazoezi yanaamsha ugonjwa. Sasa naona wewe unasema kinyume. Tushike lipi?

#3

Mwanangu pole. Mimi ni mtu mzima nakushauri usiache kukandwa, ila tumia majani ya mwarobaini na maji yawe ya moto kiasi. Na maombi.

#4 Mtoa mada

Shikamoo mzee wa #3, asante sana na maombi nayapokea. Ila hapo kwenye maji ya moto naomba nikae hapo kidogo maana ndo chanzo cha mimi kufungua uzi.

Joto kwa mtu wa MS ni tatizo linalojulikana siku nyingi. Kuna daktari wa macho Mjerumani anaitwa Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890 aliandika kwamba wagonjwa wake wakijichosha macho yanafifia, wakipumzika yanarudi. Baadaye ikaja kueleweka kinachofanya hivyo ni mwili kupata joto. Ule mshipa uliochunika unapitisha taarifa kwa tabu, mwili ukiongezeka joto hata kidogo tu unashindwa kabisa, ukipoa unaweza tena. Kabla MRI hazijakuwepo kuna madaktari walikuwa wanamwingiza mgonjwa kwenye beseni kubwa la maji ya moto waone kama atalegea, ndo kipimo chenyewe! Nilivyoelezwa hilo nikamkumbuka mama na beseni lake nikanyamaza kimya muda mrefu.

Jambo moja la kushika: kulegea kwa joto hakuharibu mshipa. Ukipoa, nusu saa au saa moja, unarudi ulipokuwa. Siyo shambulio jipya. Shambulio ni dalili mpya au ya zamani iliyorudi kwa nguvu, ikakaa zaidi ya masaa 24 na huna homa wala maambukizi, hiyo usiifanyie mazoezi, nenda kwa daktari. Mimi nilikuwa nachanganya hivi viwili, kila nikitoka jasho najua nimekwisha, kumbe ni jua la Dodoma tu.

Mkuu #2 swali lako ni zuri na baba mdogo hakudanganywa, ndivyo walivyofundisha wakati ule. Nimemuomba yule kaka wa fizio aingie ajibu mwenyewe, ana akaunti humu ila huwa anasoma tu kama mimi nilivyokuwa.

#5

Salaam wakuu. Mimi ndo huyo wa mazoezi, nimesoma fiziotherapia KCMC Moshi, nafanya kazi mkoa huu huu. Mwalimu ameniruhusu nizungumzie habari zake.

Kwa #2: ni kweli, kwa miongo mingi wagonjwa wa MS waliambiwa wakae. Walikuwa wanaona mtu akifanya mazoezi dalili zinapanda, wakahitimisha mazoezi yanachochea ugonjwa. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996, watu wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani walichukua wagonjwa 54 wakawagawa, kundi moja likapiga baiskeli ya mikono na miguu dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa wiki 15. Wale waliofanya wakaongezeka pumzi na nguvu za misuli mikono na miguu, na huzuni ikapungua. Tangu hapo tafiti zimekuja nyingi na hazijaonyesha kwamba mazoezi yanaleta mashambulio. Mwaka 2013 Kanada wakatoa mwongozo kabisa, mtu mzima mwenye ulemavu mdogo au wa wastani afanye mazoezi ya pumzi dakika 30 mara mbili kwa wiki na ya nguvu mara mbili kwa wiki. Siyo nyingi. Ukiangalia mwanamke wa Chamwino anayetembea kwenda kisimani anazipita hizo kwa siku moja.

Sasa kazi yangu ni nini hasa. Mshipa uliochunika mimi sina uwezo nao, hizo ni dawa za daktari, na dawa za kupunguza mashambulio zipo japo kwa nchi zetu ni ghali na hazipatikani kirahisi. Shirika la Afya Duniani waliziingiza tatu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023 na tunaomba zishuke mpaka huku. Mimi nafanya kazi na kile kilichobaki. Misuli isinyauke kwa kutotumika, viungo visijikunje vikaganda, mtu asianguke, pumzi isiishe, na ubongo uendelee kufundishwa njia nyingine ya kufanya kitu kile kile, maana ubongo unajifunza.

Na naomba niwaambie ndugu wanaouguza: mgonjwa wa MS akisema amechoka, amini. Uchovu wa MS siyo uvivu, ni dalili inayolalamikiwa kuliko karibu zote. Mtu ameamka saa mbili asubuhi, saa nne anahisi kama amelima ekari. Kinachomsaidia ni kugawa, siyo kulazimisha na siyo kulaza.

#6

Nimejifunza sana leo, shukrani. Mwalimu hebu tuwekee ratiba yako, mdogo wangu wa kike yuko Ipagala amegundulika mwaka huu na bado anatembea vizuri. Na vifaa ulinunua wapi? Maana hizo mashine za gym sisi hatuna uwezo nazo.

#7 Mtoa mada

Dada #6, mdogo wako akianza sasa hivi akiwa bado anatembea amenipita mimi mbali sana, mshike mkono mpeleke mwezi huu huu. Ila mtu wa fizio ampime kwanza, mazoezi yangu yamepimwa kwa mguu wangu.

Muda ndo kitu cha kwanza. Mimi naamka saa kumi na moja na nusu, saa kumi na mbili niko uani na kile kibaridi chetu cha alfajiri, kabla jua halijapanda. Nalowanisha kitambaa cha kanga maji ya baridi naweka shingoni, chupa ya maji pembeni, nakunywa kidogo kidogo tangu naanza. Mwezi wa sita na wa saba na ule upepo naweza kwenda hata dakika 25. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja napunguza mpaka dakika 15 na zingine namalizia usiku. Nilikuwa najilaumu zamani nikipunguza, sasa hivi naona ni akili tu.

Nikianza ni kile kigimbi. Mikono ukutani, mguu wa kulia nyuma, kisigino chini, goti limenyooka, naegemea mbele taratibu mpaka nasikia kamba inavutika, nahesabu mpaka 30, mara tatu. Wiki za mwanzo kisigino hakikugusa chini, kaka wa fizio alikuwa anapima kwa vidole vyake kati ya kisigino na sakafu, vidole vitatu, akaandika. Baada ya mwezi viwili. Nilifurahi kwa vile vidole kama niliyefaulisha darasa zima. Siku hizi kinagusa.

Alafu kukaa na kuinuka kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, mara tano, napumzika kabisa mpaka pumzi itulie, tena tano. Hapo kwenye kupumzika ndo wengi tunakosea, tunaona tunapoteza muda. Halafu mpira. Hakuna kilichonunuliwa gym, ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa, niliipata bure kwa fundi baiskeli pale Majengo, nikaifua, nafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda nyingine napitisha juu ya wayo, navuta vidole vije kwangu, polepole, na kurudisha polepole. Mara ya kwanza nilivuta mara nne mguu ukaanza kutetemeka wenyewe kama cherehani. Nikaogopa sana. Nikaambiwa acha, weka uzito kwenye wayo, subiri, utatulia, na ukatulia.

Mizani ya mwili nafanya pembeni ya meza ya jikoni, natembea kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, meza iko karibu nikiyumba nadaka. Kuna siku naweza hatua kumi, siku nyingine tatu. Usimuulize mdogo wako kwa nini jana aliweza.

Na alinifundisha kuanguka, au niseme kunyanyuka. Alinilaza chini kwenye mkeka akasema sasa amka bila mimi. Nikalia kabisa. Maana hofu yangu yote ilikuwa nitaanguka mbele ya watoto darasani na sitaweza kuinuka. Geuka ubavu, sukuma kwa kiwiko, piga magoti mawili, vuta kiti, mguu wenye nguvu mbele, sukuma. Tulirudia mara sita siku ile. Mwezi wa tatu nilianguka kweli, kwenye ngazi ya darasa, nikapiga magoti nikamwambia mtoto niletee kiti, nikainuka, tukaendelea na hesabu za kugawanya.

Mguu bado unachora nikichoka, kwahiyo nina kile kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo, kinaingia ndani ya kiatu, wanatengeneza mafundi wa karakana za viungo, wale wengi wao wamesoma TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi. Ndala nimeacha kabisa, navaa kiatu cha kufunga. Na nina fimbo. Fimbo nilichelewa mwaka mzima kwa aibu, nikawa nashika kuta na mabega ya watu, mpaka siku naishika nikagundua narudi nyumbani bado nina nguvu ya kupika.

Kupika nako nakaa. Stuli ndefu, jiko la gesi limeshushwa, ugali nasonga nimekaa na mama amekubali japo mwanzoni aliona kama nimelaaniwa. Nguvu zangu nazipangia kama bando la simu, najua nina kiasi gani asubuhi na siwezi kuzimalizia kwenye kufua alafu nikose za kusahihisha daftari. Mwalimu mkuu wangu Mungu ambariki, vipindi vyangu vigumu vyote kaviweka kabla ya saa nne.

Vipimo: kuna kile cha kuinuka kwenye kiti, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa. Siku ya kwanza sekunde 24. Mwezi uliopita 13.

#8

Samahani naingia katikati. Nimesoma huu uzi nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha kaka yangu, tuko Bahi. Ana MS miaka tisa, hizo za kutembea kwake zimeshapita, hasimami, miguu imekaza imejikunja magotini, na sasa mgongo chini pale kwenye mfupa ngozi imeanza kuwa nyekundu. Anaongea vizuri na akili iko sawa. Nauliza tu kwa mtu kama huyu fizio bado ina maana au tumeshachelewa? Maana kila nikisoma watu wanaongelea kutembea.

#9

Kaka #8 mimi ndo yule wa #5. Hamjachelewa na ninakujibu hili kabla ya mengine yote.

Ule wekundu kwanza. Bonyeza kwa kidole, ukiachia kama haubadiliki rangi hicho ni kidonda kinaanza ndani. Leo hii aanze kugeuzwa kila masaa mawili, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mchana na usiku, andikeni zamu ukutani, mto kati ya magoti, mto mwingine chini ya vigimbi visigino vielee hewani visiguse godoro. Asikalie wala kulalia pale pekundu. Usipasugue, usikande, usipake chochote cha moto. Na muuguzi wa kituo chenu aje aone kesho.

Miguu iliyokaza. Usiinyooshe kwa nguvu wala kwa haraka, msuli wa MS ukivutwa ghafla unakaza zaidi. Shika juu ya goti na chini kwenye kisigino, nyoosha polepole sana, ukifika inapogoma simama hapo, subiri, hesabu mpaka 30 au zaidi, mara nyingi inaachia kidogo yenyewe. Asubuhi na jioni, kila siku. Daktari anaweza kumpa dawa ya kulegeza kama baklofeni, ila mwambie daktari apandishe taratibu, kuna wagonjwa ule mkakamao ndo unawasaidia kukaa, ukiuondoa wote wanaanguka kama nguo. Hilo linaamuliwa na daktari pamoja na mtu wa mazoezi, na dawa hiyo haikatwi ghafla.

Na akae. Ukingoni mwa kitanda, miguu chini, wewe nyuma yake. Dakika mbili leo. Mtu akikaa mapafu yanafunguka, anakohoa vizuri, anakula bila kupaliwa, anawaona watu usoni. Mpe bomba na chupa ya maji apulize mapovu mara kumi, mara tatu kwa siku, hayo ndo mazoezi ya kifua chake.

Niandikie inboksi kesho nina nafasi mchana, ntakupigia simu ya video unionyeshe anavyolala.

#10

Jamani swali la aibu kidogo, choo. Mimi ni mgonjwa pia, mwanamke, kwetu ni choo cha kuchuchumaa, nikichuchumaa siinuki, na haja ndogo inanibana ghafla mpaka naogopa kupanda daladala.

#11 Mtoa mada

Mpenzi wangu hakuna aibu hapa, hilo limenifungia ndani kuliko miguu.

Choo: kiti cha plastiki kile cha kawaida, fundi akakitoboa katikati, nakiweka juu ya tundu. Ukutani fundi mwingine akafunga bomba la chuma kwa nati kwenye tofali, siyo kwenye plasta, upande wa mkono wenye nguvu. Ndala za kuteleza zikatoka humo.

Kibofu: kuna mazoezi ya misuli ya chini, ile unayokaza ukitaka kuzuia mkojo au upepo. Kaza, shika sekunde tano huku unapumua kawaida, achia kabisa, rudia mara kumi, nafanya nikiwa nimekaa nasahihisha na hakuna anayejua. Yalichukua kama miezi mitatu kuonyesha kitu. Ila mwambie daktari apime kama mkojo unaisha wote, maana kwa wengine wetu shida ni unabaki, na huyo anasaidiwa tofauti. Na nakuomba usiache kunywa maji kwa kuogopa safari, nilifanya hivyo nikapata maambukizi ya mkojo, homa kidogo tu ikaniangusha wiki nzima miguu haishiki nikadhani ni shambulio.

#12

Mwalimu, ni mzee wa #3 hapa. Nimesoma yote mpaka mwisho. Mimi mke wangu ana jirani yake anaumwa miguu namna hiyo hiyo na tunamkanda kila siku na huwa anasema baada ya hapo hawezi kwenda chooni. Nimewaambia leo wasiweke maji ya moto. Kesho tunampeleka kupimwa. Ubarikiwe mwanangu.

#13

Ni mimi wa #8 narudi, ni wiki ya tatu sasa. Wekundu umeisha, tulikaa zamu mimi, shemeji na kijana wake wa form two, yule kijana ndo hajawahi kukosa ya saa nane usiku. Juzi kaka amekaa ukingoni dakika 11, mimi nyuma yake kifua changu mgongoni kwake, akaomba tufungue mlango, akakaa anaangalia ng'ombe wanavyorudi na kuwaita wengine majina. Goti la kulia limenyooka mpaka wayo unalala sakafuni wote. La kushoto kisigino bado kiko juu, nimepima kwa vidole kama mwalimu alivyoandika, vinne. Ntapima tena Jumapili.